Lala Nikusikie

Kosa alilifanya kwa mikono yake mwenyewe, tena alilifanya kwa usafi.

Asubuhi ile Msusi aliamka taya likimuuma kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, akavua kifaa chake cha kinywani, akakitia ndani ya bakuli pamoja na vitana vya saluni, kisha akamimina maji ya birika yaliyokuwa bado yanatokota. Mikono ilishazoea. Miaka yote ya kazi yake, chochote kilichogusa kichwa cha mtu kilichemshwa, na hakuna mteja aliyewahi kutoka kwake na mba za mwenzake. Aliporudi na taulo, vitana vilikuwa salama salimini. Kifaa kilikuwa kimejikunja kama soli ya kandambili iliyosahauliwa juani.

"Mungu wangu! Nimekiua!"

"Umeua nini tena?" Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alitokea mlangoni na mswaki mdomoni.

"Kifaa, shangazi. Nimekichemsha."

Shangazi alikichukua, akakigeuza huku na huku, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Msusi hakucheka. Alikipachika mdomoni: upande wa kushoto ukaingia, wa kulia ukagoma katakata.

Tuseme ukweli, hakikuwa kitu cha kupendeza hata kabla ya kuchemshwa. Kilikuwa na vipande viwili, cha meno ya juu na cha meno ya chini, vilivyounganishwa pembeni ili kulivuta taya mbele kidogo na kuacha njia ya pumzi wazi mtu anapolala. Siku za kwanza alikuwa anakitema usingizini, asubuhi anakitafuta chini ya kitanda. Mto ulilowa udenda. Akiamka, meno yalikuwa hayakutani, akawa anatafuna mkate kwa mbele kama sungura. Shangazi alimwambia aache kujitesa. Hakuacha. Kila akikitema alikirudisha, na taya likakubali kidogo kidogo, mpaka wiki hii alikuwa anaamka kichwa chepesi, bila kuanguka usingizi mchana. Na sasa kilikuwa mkononi mwake, kimejikunja.

"Hiyo ni dalili," Shangazi alisema, akikaa kitandani. "Kiache. Sikiliza ushauri wa mtu mzima. Ndoa inafungwa mchana, mwanangu. Mpaka bwana aje ausikie huo mkoromo wako, ameshakula kiapo. Atakwenda wapi?"

"Na pumzi ikikata pembeni yake?"

"Atakutikisa."

"Asiposikia je?"

Shangazi akarudisha mswaki mdomoni.

Maana tatizo halikuwa kukoroma tu. Msusi alikuwa anakoroma, halafu pumzi inasimama, halafu anashtuka akitweta kama mtu aliyeibuka kutoka majini, mara nyingi mno kila alalapo. Daktari alishampima, akamweleza. Lakini mchumba wake Fundi, kijana mrefu mpole anayetengeneza lifti, hakuwa anajua lolote. Mama yake Fundi alikuwa amemwalika Msusi mara tatu akalale kwake siku mbili tatu wazoeane, na mara tatu Msusi alitoa udhuru. Sasa mwaliko wa nne ulikuwa wa keshokutwa, Jumamosi. Safari hii alikuwa amekubali moyoni, kwa sababu ya kifaa.

Alikifunga kwenye karatasi laini, akakitia mkobani, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno.

"Umekichemsha?" Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alivua miwani akaivaa tena.

"Kila kitu saluni kwangu nakichemsha, daktari."

"Nilikwambia maji ya uvuguvugu na mswaki, dada yangu. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia. Kichwa kilisikia, ila mikono haikuwepo."

Daktari alicheka. Kisha akaacha kucheka alipoona macho ya mgonjwa wake. "Hakinyooshwi hiki. Nikikilazimisha kitakusukuma meno. Itabidi tuchukue kipimo upya, na kutengeneza kingine kutachukua muda. Wengi wakifika hapa ndio wanakata tamaa. Wanasema taya linauma, udenda unawaaibisha, basi, yaishe."

"Mimi siishii hapa," Msusi alisema, akajitupa kwenye kiti. "Lete hiyo rojo yako ya kipimo niume."

Akapanua kinywa kabla daktari hajavaa glavu.

* * *

Fundi alimkuta saluni mchana, wateja wamekwisha, anafagia nywele. Alikuwa na ovaroli ya kazi, grisi hadi viwikoni. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kumtazama kupitia kioo kikubwa cha ukutani. Hata Msusi alipomkwepa, alikutana na macho yale yale kwenye kioo cha pembeni. Macho ya kijana huyu yalikuwa na tabia ya kusubiri, na leo yalikuwa yamechoka kusubiri.

"Mama anauliza tena," alisema.

"Najua."

"Anasema hii ni mara ya mwisho kukualika. Keshokutwa ukikataa, atajua umekataa nyumba yake, na atakayekataa nyumba yake hataolewa ndani yake." Akakwangua grisi kwenye ukucha. "Dada naye ameongeza chumvi. Anasema mwanamke asiyetaka kulala ugenini, kuna anayemsubiri nyumbani kwake."

Msusi aliuacha ufagio ukaanguka. "Na wewe unasemaje?"

"Geuka kwanza. Usiongee na mimi kwenye kioo."

Aligeuka. Alitaka kusema yote. Lakini aibu nayo ina ulimi wake, na ulimi huo ndio uliotangulia: "Nipe wiki chache tu, Fundi. Nina kazi ya maharusi wawili, halafu..."

"Kila siku halafu!" Fundi akasimama. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi ni mtu wa kazi, Msusi. Kitu kikikwama nakwenda kukitazama kilipokwama. Wewe kila nikikukaribia unafunga mlango. Basi. Nimekuelewa."

Akaufikia mlango. Akashika kitasa. Msusi akaona mgongo ule mpana unaondoka maishani mwake, na kwa nini? Kwa sababu ya mkoromo! Akapiga moyo konde.

"Fundi, simama hapo hapo!"

Alifungua mkoba, akatoa ile karatasi laini, akamwekea kiganjani. Fundi akaifunua taratibu.

"Nini hiki? Meno ya bandia?"

"Laiti yangekuwa meno ya bandia, ningeshakuonyesha siku nyingi. Navaa hiki nikilala. Nilikuwa navaa, kabla sijakichemsha leo asubuhi." Machozi yalimjaa lakini sauti haikutetereka. "Nakoroma, Fundi. Usifikirie mkoromo wa kujidekeza. Nakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Unataka kucheka? Cheka."

"Sicheki."

"Halafu nanyamaza. Hapo ndipo penye ubaya. Pumzi inakata, mwenyewe sijui, mpaka mwili unashtuka. Ndiyo maana mchana nilikuwa nasinzia hata nikiwa nimesimama. Siku ile nilipomuunguza dada yako sikio..." Akauokota ufagio. "Nililala. Wima, pasi ya nywele mkononi. Nikawaambia pasi ni mbovu."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Si ulinipa hiyo pasi niitengeneze? Niliifungua yote, waya mmoja mmoja. Haikuwa na ubovu hata chembe. Nikaifunga, nikakurudishia, nikakwambia imepona."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nimesubiri mpaka nikaanza kuyaamini maneno ya dada. Hilo ndilo lililoniuma, si kukoroma." Alikitazama kile kifaa kilichojikunja, akakifunga tena kwa uangalifu, mikunjo ile ile. "Umekuwa unalala na kitu hiki peke yako, unaamka na maumivu peke yako, na mimi nipo?"

Hapo ndipo Msusi alipolia sawasawa. Fundi akanyoosha mikono, akaitazama, akairudisha.

"Nina grisi."

"Nina sabuni," Msusi akasema katikati ya kwikwi, na wote wawili wakacheka bila kupenda. Fundi akamfuta shavu kwa mgongo wa mkono, palipokuwa safi kidogo.

"Nitamweleza mama mimi," akasema.

"Hutamweleza. Nitamweleza mwenyewe. Keshokutwa nakuja, bila kifaa, bila udhuru. Liwalo na liwe."

* * *

Wifi ndiye aliyefungua mlango siku ya Jumamosi, nywele amezilaza upande wa kushoto kuficha kovu la sikio. Alimtazama Msusi kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akampisha bila kusema karibu. Mama alikuwa sebuleni, mjane mnyoofu asiyependa maneno mengi. Walikula. Vyombo vilipoondolewa, Msusi alikaa mbele kabisa ya kiti, akasema kila kitu bila kuruka hata neno.

"Kwa hiyo uliniunguza mwenyewe, ukasingizia pasi?" Wifi aliruka juu.

"Ndiyo, wifi. Pasi haikuwa na kosa. Nisamehe."

"Nikusamehe! Nilikuwa na sikio zuri mimi! Mama, unasikia? Muongo, na juu ya uongo, mgonjwa. Kaka hakuona wanawake wengine mji mzima?"

"Dada, heshima," Fundi akasema.

"Wewe umerogwa, huna la kusema!"

Msusi alisubiri Mama aseme. Mama alikuwa ametulia, anamtazama kooni, pale mshipa unapopiga. Alipofungua kinywa alisema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Nenda chumbani kwangu ukalale."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi. Lala, nikusikie."

Fedheha gani hii! Kulala mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, makusudi, ili usikilizwe. Msusi aliingia, akavua viatu, akajilaza kwa ubavu kwenye kitanda cha watu, Mama akavuta kiti. Alidhani hatapata hata lepe. Lakini mtu aliyekosa kifaa siku mbili hana ubishi na usingizi; ulimbeba papo hapo.

Alichokijua baadaye ni mikono miwili imemshika mabega, inamtikisa kwa nguvu, na sauti inaita, "Baba watoto! Baba watoto, amka! Amka!"

Alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo. Alikuwa amegeuka chali. Mama alikuwa juu yake, uso umemsawijika. Mlangoni walikuwa wamesimama Fundi na dada yake.

Mama alirudi kwenye kiti taratibu.

"Alikuwa anakoroma hivyo hivyo," alisema, kwa sauti ya chini. "Tukicheka nyumba nzima. Ninyi watoto mlikuwa mnamwigiza mezani, naye anacheka pamoja nanyi. Mnakumbuka? Anakoroma, ananyamaza, anakoroma. Halafu asubuhi moja niliamka nyumba iko kimya. Nikafurahi. Nikasema leo mume wangu amelala vizuri, nikamfunika shuka, nikatoka kwa kunyata nisimwamshe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hakuna daktari aliyeniambia ni hilo lililomuua. Lakini masikio yangu hayajasahau."

Fundi alikuja kupiga magoti karibu naye. Mama akamwekea mkono kichwani, ila macho yalibaki kwa Msusi.

"Binti, sikuchukii. Umeniambia ukweli nyumbani kwangu, na hilo si dogo. Lakini mwanangu hatalala pembeni ya kimya kama kile. Nimeshafunika mmoja. Sitaki naye aje afunike."

"Mama, mimi ndiye ninayeoa," Fundi akasema.

"Na mimi ndiye ninayejua."

Msusi akaweka miguu sakafuni. Nywele zilikuwa zimevurugika, udenda umekauka shavuni, na hakujali hata kimoja.

"Mama, naomba nikujibu kwa heshima. Baba hakupata wa kumwambia. Mimi nimeambiwa, na nimeanza dawa yake, na mikono yangu iliharibu kifaa, lakini kinakuja kingine. Kikija nitakizoea, na nikikizoea nitarudi kulala hapa hapa, wewe kwenye kiti hicho hicho. Ukisikia ulichosikia leo, nitavua pete hii ya uchumba niiweke mkononi mwako."

"Na nisiposikia kitu?" Mama aliuliza. "Kimya ndicho ninachokiogopa, binti yangu. Nitakitofautishaje na kile?"

Msusi akaigeuza pete kidoleni.

"Utaniamsha," Msusi akasema mwishoni. "Hata mara mia. Sikasiriki."

* * *

Kifaa kipya kilikuja kikiwa kimebana kuliko cha kwanza. Taya lililokuwa limeshalegea likaanza upya kulalamika, na udenda ukarudi kama haukuwahi kuondoka. Msusi alikiosha kwa maji ya uvuguvugu, birika likawekwa chumba kingine kabisa. Asubuhi alikaa mbele ya kioo cha saluni akilifungua na kulifunga taya polepole kama daktari alivyomfundisha, mpaka meno yapatane. Siku mbili alitamani kukitupa. Siku ya tatu Shangazi, yule yule wa dalili, aligonga mlango wake kulipokucha.

"Uko humo?"

"Nipo, shangazi."

"Basi sema! Nimekaa macho nasikiliza, nikadhani umehama." Akaingia, akakichungulia kile kifaa kwenye bakuli lake. "Haya, endelea kukivaa. Kwani nimekukataza mimi?"

Fundi naye aliomba jambo moja: amwone amekivaa. Msusi alikataa, akakataa, mwishowe akafunga pazia la saluni mchana, akakipachika, akageuka. Midomo ilikuwa imetuna, kidevu kimekaa mbele. Fundi akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Shema bashi," Msusi akasema, akafunika mdomo kwa aibu.

Fundi akautoa ule mkono. "Unaonekana kama umenuna."

"Kwa hiyo mbaya?"

"Ukinuna kweli nakuogopa. Ukinuna hivi nataka kukuoa leo leo." Akambusu kwenye paji la uso, kwa utulivu, na Msusi akafunga macho, akaona kwamba uchungu wote wa taya haukuwa kitu.

Ikafika Jumamosi waliyokubaliana. Chumba kile kile, mchana ule ule wa baada ya chakula. Mama akafunga dirisha ili kelele za barabarani zisimchanganye, akavuta kiti karibu kuliko mara ya kwanza. Wifi aliingia bila kubisha, akatupa mto wa pili kitandani, akasema, "Mtu wa namna yako anahitaji kuinua kichwa," akatoka kabla hajashukuriwa.

Msusi alikivaa kifaa mbele ya Mama, bila kugeukia ukuta. Akalala kwa ubavu. Pete ilikuwa kidoleni, na aliigusa kwa kidole gumba mpaka usingizi ulipomchukua.

Mkono begani. "Binti! Unapumua?"

"Napumua, mama."

Akalala. Mkono begani tena, mzito zaidi. "Binti!"

"Napumua."

Mara ya tatu Mama alikuwa amesimama, anatweta yeye mwenyewe kuliko aliyelala. "Nisamehe. Sikusikia kitu. Sikusikia kitu kabisa!" Na katika sauti ile Msusi alitambua kwamba kifaa kimeshinda, na kwamba ushindi wenyewe ndio unaomtesa huyu mama. Masikio yasingemsaidia, hata akae kwenye kiti kile mwaka mzima.

Hakuvua kifaa. Alisogea ukutani, akaacha nafasi, akauchukua ule mkono wa Mama, akauweka ubavuni pake, chini ya kwapa, mahali mbavu zinapoinuka na kushuka.

"Ushishikilize, mama," akasema kwa ulimi mzito. "Shika."

Mama alisimama hivyo, ameinama, kwa muda. Kisha kitanda kikabonyea. Msusi akamsikia anavua viatu, anajinyoosha nyuma yake kwa uangalifu, mkono haujaondoka ubavuni. Mbavu zikainuka, zikashuka. Zikainuka, zikashuka. Mara mbili mkono ulikaza kama unataka kumtikisa, ukalegea. Baadaye haukukaza tena.

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili Msusi alipoamka, kichwa chepesi, shavu limelowa, mkono bado upo. Hakugeuka. Alisikia mlango unafunguliwa na hatua nzito za Fundi zinasimama kizingitini, na Fundi akivuta pumzi kutaka kuuliza.

"Shii," Mama akamwambia. "Rudisha mlango polepole. Utamwamsha mke wako."